Nta ya nyuki kwenye begi la kanvasi: jinsi ya kuipaka nyumbani, na cha kumwambia mteja kabla hajalipa

Masika hiyo inakuja, na humu ndani najua tuko wengi tunaouza mabegi, mikoba, pochi na kofia za kitambaa. Nimekuwa nikiulizwa sana inboksi: "Dada, hayo mabegi yako unayapaka nini mpaka maji yanateleza?" Leo najibu yote mpaka vipimo. Siri hamna. Ni nta ya nyuki, mishumaa ya dukani, pasi kuukuu na uvumilivu.

Ila kabla hatujafika kwenye sufuria kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mapishi. Kitambaa kilichopakwa nta hakigeuki ndoo. Kinamwaga mvua, kinachelewesha maji kuingia, kinakupa muda wa kufika nyumbani. Basi. Sasa wewe ukiandika kwenye posti "HAIPITISHI MAJI KABISA" na vidole viwili vya moto pembeni, mteja anakuamini. Anaweka humo vyeti vyake halisi, anapanda boda kwenda kwenye usaili, mvua inampiga njia nzima. Begi umemuuzia elfu thelathini na tano. Vyeti vyake vina bei gani? Mtu aliyewahi kuhangaikia cheti kilichoharibika anajua hiyo safari ilivyo. Kwa hiyo somo la leo lina sehemu mbili, kupaka na kusema, na ya pili ndiyo inayokulindia jina.

NTA INAFANYA NINI HASA

Pamba inapenda maji. Ndiyo maana taulo ni pamba, na utambi wa jiko la mafuta ya taa ni pamba pia, maana unavuta mafuta kutoka chini mpaka juu wenyewe. Begi lako la kanvasi linafanya hivyo hivyo mvua ikinyesha: uzi unakunywa maji na kuyasafirisha mpaka ndani. Ukipaka nta unafanya mambo mawili kwa pamoja. Unaufunika uzi usinywe, na unajaza vijitundu vilivyo kati ya uzi na uzi. Tone likidondoka linakaa juu kama shanga, ukitikisa linaanguka.

Sio kitu kipya. Nenda kwa fundi viatu yeyote wa zamani, mwangalie kabla hajashona soli. Anauvuta uzi juu ya donge la nta mara mbili tatu. Mzee mmoja hapa Morogoro ndiye aliyeniambia, "Binti, uzi bila nta unaoza." Shuleni hilo sikufundishwa.

Kwa wenzetu wa Uingereza kazi hii ilianzia baharini. Mabaharia walikuwa wanapaka matanga mafuta ya mbegu za kitani yasinywe maji, halafu vipande vya matanga chakavu wanashonea makoti. Tatizo, mafuta yale yanageuka njano na kwenye baridi kitambaa kinakakamaa. Baadaye ndipo ikaja pamba iliyopakwa nta. Mwaka 1894 bwana mmoja, John Barbour, alifungua duka South Shields, mji wa bandari, akawauzia mabaharia na wavuvi nguo za mvua. Kampuni ya Barbour ipo mpaka leo na makoti yake ya nta yanauzwa bei ya kutisha. Kilichonivutia mimi sio koti. Ni kwamba mpaka leo wanapokea makoti ya zamani na kuyapaka nta upya kwa malipo. Yaani mteja aliyenunua miaka ya nyuma bado anarudi na hela. Hilo likumbuke, nitalirudia kwenye bei.

KITAMBAA KWANZA

Nta inashika vizuri kwenye nyuzi za asili: pamba, kitani, juti. Kanvasi ya pamba nzito ndiyo mfalme. Kaki nzito na jinzi zinakubali pia. Marekani, kile kitambaa cheupe kisichopaushwa (jina lilibaki kwa sababu wafanyabiashara wa Marekani ndio walioishusha sana Zanzibar karne ya 19), ni chepesi mno kwa begi la mgongoni, lakini kwa kujifunzia na kwa pochi ndogo kinafaa, na bei yake haiumizi.

Shida ni kwamba ukienda kununua, kila muuzaji anakwambia "hii pamba tupu mama". Usibishane naye. Omba uzi mmoja, toka nje, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha majivu laini ya kijivu. Polyesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi kinachonasa vidole, kwa hiyo usikishike kikiwa cha moto. Kitambaa cha mchanganyiko kinaonyesha yote mawili. Mchanganyiko sio mbaya sana. Fjällräven, kampuni ya Sweden, ina kitambaa chake cha polyesta asilimia 65 na pamba asilimia 35, na wanauza kipande cha nta cha kukipaka. Ila polyesta tupu achana nayo, nta inakaa juu juu na pasi inaweza kuiunguza.

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Kifue na maji ya moto na sabuni kabla ya kushona, usitie dawa ya kulainisha nguo, kianike kikauke kabisa. Usipofua, nta itashindwa kuingia vizuri, na pia kitambaa kitakuja kurudi baadaye wakati umeshakata vipande kwa vipimo.

NTA, NA WAPI INATOKA

Hapa Watanzania tuna bahati ambayo hatuitumii. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida ina nyuki wa kutosha, na nta yetu inauzwa nje ya nchi miaka mingi, tangu enzi za wakoloni. Wakati huo huo kuna warina asali wanakamua asali na kutupa masega. Mimi nta yangu naagiza Tabora, inakuja na basi. Kama unakoishi kuna mrina asali, mfuate umwambie masega asitupe. Mara nyingi atakuuzia kwa bei nzuri.

Ukipata masega machafu, yaweke kwenye sufuria yenye maji, pasha taratibu mpaka yayeyuke, chuja kwa kitambaa kwenye ndoo, acha ipoe usiku mzima bila kuigusa. Asubuhi nta imeganda juu kama sahani, maji machafu yako chini. Chini ya hiyo sahani kuna tope la kahawia, likwangue kwa kisu. Rudia kama bado chafu. Tumia sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya chuma cha kawaida au ya shaba inaifanya nta kuwa nyeusi.

Kwa anayenunua iliyokwisha kusafishwa: nta safi inanuka asali, na ukiivunja ikiwa baridi inakatika na kuacha sura ya chenga chenga. Ikiwa inateleza mkononi kama mafuta ya kupikia, kuna mtu kachanganya. Ukiona unga unga mweupe juu ya donge la siku nyingi, usiogope, huo sio ukungu. Ni nta yenyewe inatoa weupe, ukiipasha moto kidogo unapotea.

Ya pili ni mishumaa myeupe ya kawaida, ile isiyo na rangi wala manukato. Hiyo ni nta inayotokana na petroli, wengine wanaiita parafini. Nisieleweke vibaya, wasomaji wangu wa Kenya hasa: sisemi mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayaingii hapa hata tone.

Kwa nini uchanganye? Waulize wachora batiki, wao wanazijua zote mbili. Nta ya mshumaa ni ngumu na inapasuka, ndiyo inayowapa ile mistari mistari kama nyufa kwenye batiki. Nta ya nyuki inapinda bila kupasuka, lakini inanata. Begi linakunjwa kila siku, hivyo ukitumia mishumaa peke yake utaona nyufa kwenye mikunjo na maji yanapita hapo hapo. Ukitumia ya nyuki peke yake begi linashika vumbi na nyuzi nyuzi. Mimi nachanganya nusu kwa nusu kwa uzito. Wale wa Sweden niliowataja kipande chao ni asilimia 90 parafini na 10 nta ya nyuki, lakini wao wanapaka koti la nchi za baridi.

Na hapo ndipo video nyingi za mtandaoni zinapotupoteza. Utakuta mzungu anaongeza mafuta ya kitani au mafuta ya mgando ili nta iwe laini. Kwake ni sawa, nje kuna theluji, bila mafuta koti litakuwa kama ubao. Wewe uko Dar, Tanga au Morogoro mwezi wa kwanza. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na ukiilainisha kwa mafuta unaishusha zaidi. Begi likikaa ndani ya gari lililopaki juani, litakuwa linanata kama andazi la jana. Usiongeze mafuta. Tena vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe, bila kiberiti. Achana nayo kabisa.

JIKONI: HAPA NAOMBA UMAKINI

Nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto. Weka maji kwenye sufuria kubwa, ndani yake weka kopo au sufuria ndogo yenye nta. Maji hayapiti nyuzi joto 100, kwa hiyo nta yako haiwezi kufika kwenye joto la kuwaka, ambalo kwa nta ya nyuki ni zaidi ya 200. Ukiiweka juu ya mkaa moja kwa moja ukaenda kupokea simu ya mteja, hapo unacheza na nyumba ya watu.

Mfuniko wa sufuria uwe karibu. Nta ikishika moto, funika, zima jiko, subiri. USIMWAGE MAJI. Maji yakigusa nta inayowaka yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto juu mpaka usoni. Watoto wasiwepo. Kama ni jiko la mkaa, fanyia uani, sio ndani kwenye chumba kilichofungwa, ule moshi usioonekana unaua. Na ukiona sehemu wanakuelekeza uyeyushie nta kwenye petroli au tapentaini ili iwe rahisi kupaka, pita kimya kimya. Hata kama inafanya kazi, mimi sitaki hayo mambo kwenye chumba ninacholala.

Ikishayeyuka, koroga na kijiti, mimina kwenye vikopo vya majarini au vikombe vya karatasi, acha igande. Una vipande vya nta kama vya sabuni. Hivi ndivyo tutakavyotumia.

KUPAKA

Kuna wanaopaka kwa brashi nta ikiwa ya moto. Ni haraka, lakini nta inaganda kabla haijasambaa na unaishia na mabaka mazito. Kwa begi lililokwisha kushonwa napendelea kusugua.

Lianike begi juani nusu saa lipate joto. Sugua kipande cha nta kama unavyosugua chaki ubaoni, upande wa nje tu, kwa nguvu, mpaka uone utando mweupe umefunika kote. Kwenye mshono sugua mara mbili. Sindano imetoboa matundu mamia kwenye kila mshono, na begi karibu zote zinazovuja zinaanzia hapo. Pia pembeni mwa zipu. Zipu yenyewe haizuii maji, usijidanganye.

Halafu weka karatasi ya kaki juu, pitisha pasi ya moto wa kati. Utaona weupe unapotea na rangi inakolea kama vile kitambaa kimelowa. Hapo nta imeingia. Pasi iwe ile unayoitenga kwa kazi hii, ukirudi kupigia shati la ofisini utanikumbuka. Kwenye kona na mikanda pasi haifiki vizuri, tumia mashine ya kukaushia nywele, na kama huna, omba saluni ya jirani umpe dada chochote. Rudia mzunguko wa pili. Kisha litundike kivulini usiku mzima.

Pima begi kwenye mizani ya jikoni kabla na baada. Langu la saizi ya kubeba laptopu linakula gramu 60 hivi. Ukijua namba hiyo unajua gharama yako, na ukiona begi limekula gramu 25 tu ujue kuna sehemu umeruka.

Wino wa mapambo uliochapwa, ngozi ya mkanda, nembo ya kubandika: jaribu kwanza kwenye kipande. Na kitenge kiitwacho "wax" kisikuchanganye. Jina limetoka kwenye utaratibu wa kukitia rangi, haimaanishi kinazuia mvua.

JARIBU WEWE KABLA MTEJA HAJAJARIBU

Wengi wanamwaga kikombe cha maji, yanateleza, wanapiga video, wanauza. Video hiyo ni ya kweli, lakini inaonyesha sekunde tano. Mvua ya Morogoro ikishuka kutoka Uluguru haina sekunde tano.

Mimi nafanya majaribio mawili. La kwanza, nachukua kipande cha kitambaa kile kile kilichopakwa, nakilegeza juu ya bakuli kiwe kama kishimo, chini naweka tishu kavu, namimina maji glasi moja. Naangalia saa. Baada ya nusu saa naitoa tishu. La pili ni la begi zima: naweka gazeti kavu ndani, nafunga, nalitundika, namwagia kwa kopo la bustani lenye matundu kwa dakika kumi mfululizo bila kupumzika. Kisha nafungua nione gazeti limelowa wapi. Karibu kila mara ni kwenye zipu au kwenye kona ya chini pale mishono inapokutana. Naandika kwenye daftari, tarehe na dakika. Mshona mabegi wangu nilimwonyesha hayo magazeti, akaanza kuweka kipande cha kitambaa kinachofunika zipu kwa juu. Hicho kipande kimesaidia kuliko mzunguko wa tatu wa nta.

Usilizamishe begi kwenye beseni ukitegemea muujiza. Nta haijatengenezwa kwa kuzama.

SASA MANENO YA TANGAZO

Mwalimu mmoja alinitumia ujumbe: "Nabeba madaftari ya wanafunzi na laptopu, natembea kilomita tatu. Hili begi maji hayaingii?" Hela alikuwa nayo tayari. Nilimjibu hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mvua ya kawaida ya dakika kumi nimelijaribu, ndani lilibaki kavu isipokuwa unyevu kidogo kwenye zipu. Mvua kubwa ya nusu saa silisemei. Laptopu iweke kwenye mfuko wake wa ndani unaofungwa." Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akalipa, na akaleta walimu wengine wawili. Angeweza pia kutorudi, sidanganyi. Wapo ambao hawakurudi, walienda kwa aliyewaambia "haipitishi kabisa".

Kwa hiyo maneno yangu ni haya: "linastahimili mvua", "maji yanateleza", "limejaribiwa dakika kumi". Sitii "kabisa", "milele", "asilimia mia". Na sio suala la utu wema tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na haijasema wenye kurasa za mtandaoni wamesamehewa. Picha ya skrini ya tangazo lako mteja anayo kwenye simu.

Ukitaka kukopi, tangazo langu liko hivi: "Begi la kanvasi ya pamba, limepakwa nta ya nyuki kwa mkono. Linastahimili mvua, tumelijaribu dakika kumi. Halifuliwi kwa sabuni wala maji ya moto, unafuta kwa kitambaa chenye maji baridi. Mikunjo itaonyesha alama nyeupe, ndiyo tabia ya nta. Kupaka upya mara ya kwanza ni bure ndani ya mwaka mmoja."

Hizo alama nyeupe zitaje mapema. Usipozitaja, mteja anafungua mzigo, anaona begi lina michirizi, anadhani umemtumia la mtumba.

Kuna oda nyingine kataa. Mama mmoja wa samaki aliniomba aproni tano za nta. Hela nzuri. Nilimwambia ukweli kwamba aproni ya samaki inahitaji sabuni na maji ya moto kila jioni, na nta haivumilii hayo, wiki mbili tu itakuwa inanuka na imeisha. Nikamwelekeza kwa wauza aproni za plastiki. Nguo inayogusa mwili muda wote nayo siipaki, inazuia hewa, kwa joto letu mtu ataoga jasho. Mbeleko ya mtoto ndiyo kabisa sitaki kuisikia.

BEI

Tuseme kilo ya nta umeipata kwa sh 20,000. Nusu kilo ni 10,000. Nusu kilo ya mishumaa tuseme 5,000. Kilo moja ya mchanganyiko ni 15,000, yaani gramu moja ni sh 15. Begi la gramu 60 ni sh 900. Weka na ya kupotea kwenye kopo na karatasi, ifike 1,100. Moto na umeme wa pasi 500. Kazi yako, kama saa moja, jilipe walau 3,000, wewe sio punda. Jumla 4,600.

Wengi hapo wanaongeza elfu tano kwenye bei ya begi na kufurahi. Lakini umeahidi kupaka upya bure. Hiyo itakula gramu 30 hivi na nusu saa yako, weka 2,000. Tayari ni 6,600. Mimi naongeza 8,000 juu ya begi la kawaida, nabaki na 1,400 safi. Sio utajiri. Hela yenyewe iko kwenye kupaka upya kuanzia mara ya pili, ambako nalipwa, na kwenye vipande vya nta ninavyouza vya gramu 50 pamoja na karatasi ya maelekezo. Mteja wa begi anakuwa mteja wa kila masika. Na soko lipo: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu wamezoea kutembea na mifuko ya kitambaa, na kila mwenye mfuko wa kitambaa amewahi kulowa.

Kwa wanaotuma mkoani: begi la nta usilifunge pamoja na nguo nyeupe za mteja mwingine, litaacha alama. Lijaze magazeti ndani lisikunjike, lifunge kwa karatasi ya kaki, andika juu "LISIKAE JUANI". Buti la basi linalosafiri mchana kutwa linachemka, na mabegi mawili yaliyobanwa pamoja humo yatashikana. Mizigo yangu naipeleka Msamvu alfajiri, isafiri na mabasi ya kwanza.